Uzi: Mamba wangu wa sponji, T. rex wa 1993, na ile kauli ya "tutaweka kompyuta baadaye"

FundiKalibu, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita mamba wangu alitolewa mto Ruvu akiwa mzito kiasi kwamba watu wanne tulishindwa kumnyanyua, na tangu siku ile kuna jambo limenikaa kooni. Nimeona nilimwage hapa, wenye uzoefu mnisaidie.

Kwa wasionifahamu, natengeneza vinyago vya mpira, majeraha ya bandia na vichwa vya mazimwi kwa ajili ya filamu zetu. Mwaka huu nilipata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika: mamba wa mita tatu na nusu, kwa filamu fupi ya mtoto anayekwenda kuchota maji. Mifupa nilichomelea kwa nondo nyembamba. Taya linafunguka kwa mota ya waipa niliyoinunua mtaa wa Gerezani hapa Dar. Shingo na mkia vinavutwa kwa waya za breki za baiskeli, watu watatu tumejificha kwenye matete kila mmoja na kishikizo chake. Nyama ni sponji la godoro nililolichonga kwa kisu, juu yake matabaka ya lateksi, yaani mpira wa maji unaokauka ukawa ngozi. Pale uani alitisha. Mtoto wa jirani aliacha kabisa kupita upande wangu.

Mtoni, baada ya saa mbili, sponji likawa limejaa. Taya likaanza kutetemeka lenyewe, mota ikafuka moshi. Mwongozaji akatazama saa, akasema: "Basi, tupige hivyo hivyo, tutaweka kompyuta baadaye," yaani mamba achorwe kwa kompyuta picha zikishapigwa. Mtoto akapewa ufito wenye chupa nyekundu nchani, akaambiwa auogope. Picha nimeziona. Anapiga kelele vizuri, ila macho yake yanatazama chupa, na miguu yake haijui hatari inatokea wapi.

Nikarudi kusoma wenzetu walifanyaje. Mnamkumbuka T. rex, yule dinosaria mla nyama wa filamu ya Jurassic Park ya 1993, usiku wa mvua, magari mawili yamekwama kando ya uzio. Yule mnyama aliundwa kweli, kama mita 12 toka pua hadi mkia, kimo kama mita 6, katika karakana ya Stan Winston, fundi wa viumbe vya filamu, huko California. Mifupa ya chuma, misuli ya haidroliki, na chini yake jukwaa la kusogea lililotokana na teknolojia ya zile mashine za kufundishia marubani. Kumwendesha, walitengeneza T. rex mdogo wa moja ya tano. Mafundi wakimgeuza shingo yule mdogo, mkubwa naye anageuka. Ngozi yake ilikuwa ya lateksi ya povu. Mvua ya bandia ilipowashwa, ngozi ikanywa maji, uzito ukapita ule uliopigiwa hesabu, mnyama mzima akaanza kutetemeka. Wakawa wanamkausha kwa mataulo kati ya shoti na shoti.

Niliposoma hapo nilikaa kimya muda mrefu. Ugonjwa wa mamba wangu ni uleule. Tofauti ni kwamba yule wao alisubiriwa akauke.

Sasa hoja yenyewe. Filamu ile ina dakika 127. Madinosaria wanaonekana kama dakika 15, na zilizotoka kwenye kompyuta ni kama 6. Watu huisimulia kama siku kompyuta ilipowafuta mafundi wa mikono. Mimi naiona kama kazi ambayo watu walikaa mezani mapema wakagawana. Kundi linalokimbia bondeni, mwili mzima wa T. rex akifukuza gari: hiyo ni ya kompyuta, vijana wa ILM, kampuni ya picha za kompyuta. Phil Tippett, bingwa wa kusogeza sanamu fremu kwa fremu, aliyekuwa ameajiriwa kwa ajili ya mikimbio hiyo, hakufukuzwa. Alibaki kuwafundisha wachoraji namna mnyama anavyobeba uzito wake. Na Triceratops mgonjwa, dinosaria wa pembe tatu, aliyepigwa picha mchana kweupe Kauai huko Hawaii, huyo ni wa mikono. Mtazameni mwigizaji Sam Neill anavyoulalia ubavu wake. Ubavu unapanda kwa pumzi, naye anapanda nao. Ukishuka, naye anashuka. Ile furaha usoni mwake ina kitu cha kuegemea.

Basi kipimo changu ni hiki: panapoguswa pawe na kitu, na hilo liamuliwe kabla kamera haijawashwa. Nyinyi wenzangu mnagawaje kazi? Na mwongozaji akisema "baadaye", mnamjibu nini?

Nodi254, Nairobi

Kaka FundiKalibu, pole sana kwa mamba. Mimi niko upande ule mwingine: naunganisha picha za kompyuta na za kamera, mwaka wa nane sasa. Nakubaliana nawe nusu, na nusu nakupinga.

Nianze na ya kupinga. Kitu cha kushikika hakiwi bora kwa sababu tu kinashikika. King Kong ya 1976 ilijengewa sokwe wa mashine wa mita 12, pesa nyingi zikamwagwa hapo, na kwenye filamu anaonekana kwa sekunde chache tu. Kazi karibu yote ilibebwa na Rick Baker ndani ya vazi la manyoya, na vinyago vya uso vilivyoendeshwa kwa waya. Mashine ile ilikuwa kubwa kuliko ujuzi wa kuiendesha. Pia inaniuma watu wanaposifu filamu kwa kuwa "haina kompyuta". Mad Max: Fury Road ya 2015 magari yalikuwa ya kweli, watu waliruka kweli kwenye jangwa la Namibia, na bado shoti zilizopita mikononi mwa watu wa kompyuta zilifika 2,000 hivi. Wale waliokesha ni mafundi pia.

Ya kukubaliana ni hii, nami naisema kwa uchungu. "Baadaye" ikifika, mimi ndiye hiyo baadaye. Mwaka juzi nililetewa shoti za chatu. Mwigizaji anakabwa na hewa. Shingo yake haibonyei mahali popote, shati halikunjamani, vidole vyake vimeshika ombwe ambalo ni jembamba kuliko chatu yeyote. Nilichora magamba mazuri, nikaweka kivuli, nikaweka unyevu. Mtazamaji hakujua kilichoharibika, ila alijua kimeharibika. Laiti wangemzungushia hata bomba la kumwagilia bustani! Bomba ningelifuta kwa siku mbili, na alama ya kubanwa shingoni ingebaki, ambayo mimi siwezi kuitengeneza kwa uzuri ule.

Kwa hiyo hata kama mamba wako amekufa mota, usimtoe mtoni. Mwache aelee mbele ya mtoto, mzima au mfu. Nipe vitu vinne tu: shoti yake akiwa ndani, shoti tupu asipokuwepo, kipande cha ngozi yake nikione kwenye jua lile lile, na mpira wa kijivu pamoja na mpira unaong'aa kama kioo vishikwe mbele ya kamera kwa sekunde tano. Ule wa kijivu unaniambia mwanga ni laini au mkali, ule wa kioo unaniambia unatoka wapi. Mwongozaji anayeona sekunde hizo tano ni nyingi atanilipa siku kumi za kubahatisha.

Na tusijione wageni katika kazi hii. Hapa Nairobi, XYZ Show ilianza 2009 na vikaragosi vya lateksi vya wanasiasa wetu, ikiongozwa na Gado, mchora katuni aliyezaliwa huko kwenu Tanzania. Kufinyanga, kutoa kalibu, kumimina mpira, kupachika macho, kuendesha mdomo uende na sauti: yote hayo yamefanyika hapa.

BabuTsavo, Voi

Wanangu, nimewasoma wote wawili kwa furaha. Mimi si fundi, ni mpenzi wa sinema tangu enzi za kuonyeshwa ukutani kwa jenereta.

Kwetu hapa kuna simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, kwenye daraja la Tsavo. Hollywood ikawatengenezea filamu mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, ikapigwa Afrika Kusini. Walitumia simba hai waliofunzwa, na pale simba anapokuwa juu ya mtu wakatumia simba wa mashine, kazi ya karakana ileile ya Stan Winston. Nami kama mtu wa hapa nina lawama moja. Wale simba wa kweli hawakuwa na manyoya ya shingoni. Nendeni Field Museum, Chicago, wapo wamejazwa na kusimamishwa. Ngozi zao zilinunuliwa 1924 kwa dola 5,000. Kwenye filamu simba wana manyoya tele, maana simba hai waliopatikana walikuwa nayo, na wa mashine ikabidi afanane nao. Mnyama wa mikono unaweza kumfanya awe vile alivyokuwa hasa. Bahati mbaya aliburutwa na mwenzake.

La pili, mmetaja vyuma na kompyuta, mtu wa ndani mmemsahau. Alien ya 1979, yule zimwi mrefu mweusi. Mchoro ni wa Mswisi H. R. Giger, mitambo ya kichwa ni ya Mwitaliano Carlo Rambaldi. Aliyevaa ni kijana wa Nigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa usanifu wa michoro pale London, urefu mita 2.08. Hakuwa mwigizaji. Walimpeleka kujifunza tai chi na uigizaji wa kimya ili ajue kwenda polepole. Kwa ule mkia hakuweza kukaa kitini, wakamfungia bembea ya kupumzikia. Hakuigiza filamu nyingine, na alifariki 1992. Kila nikiona mazimwi ya siku hizi yanavyokurupuka, namkumbuka yule kijana alivyokunjuka taratibu kutoka gizani. Ule utaratibu ulikuwa wa mwili wake, haukuwa wa mpira.

Kisoro_Kijani, Uganda

Babu, shikamoo. Naongeza dogo. Kuna kipindi cha BBC, Spy in the Wild, cha 2017, ambacho huingiza wanyama wa mashine wenye kamera machoni kati ya wanyama wa kweli. Huko Rajasthan, India, waliweka mtoto wa nyani aina ya langur, wa mashine. Mmoja wa kundi akamchukua, akamwangusha kutoka juu. Alipolala bila kusogea, kundi lote likamkusanyikia, wakakumbatiana kama waliofiwa.

Baadaye walileta gorila wa mashine huku kwetu Uganda. Anayewajua gorila anajua kuwakazia macho ni kuwachokoza, hata wageni huonywa wasifanye hivyo. Maana yake mashine isiyoweza kuangalia pembeni ni matusi kwa gorila. Nilichojifunza: mnyama hajali ngozi yako ni ya kampuni gani. Anatazama jicho linaelekea wapi.

FundiKalibu, Dar es Salaam

Babu BabuTsavo, shikamoo, na asante. Habari ya Badejo nimeisoma mara tatu.

Dada Nodi254, ya bomba la bustani imenipiga. Umesema kwa maneno mawili nilichokuwa nakizunguka kwa aya tano. Na King Kong nakubali. Mashine isiyo na mtu wa kuicheza ni kabati.

Nieleze kwa nini nasisitiza uamuzi wa mapema. Mwaka 2011 ilitoka filamu ya The Thing, ile iliyosimulia yaliyotangulia filamu ya 1982 yenye jina hilohilo. Ile ya 1982 viumbe vyake vilitengenezwa na Rob Bottin akiwa na miaka ishirini na ushee tu, akafanya kazi hadi akalazwa kwa uchovu. Na Stan Winston akamsaidia kuunda yule kiumbe wa kwenye banda la mbwa. Hii ya 2011 wakawapa kazi Alec Gillis na Tom Woodruff Jr., wa karakana ya ADI. Wakaunda viumbe kamili, vinapumua, vinapasuka, vina vidole vinavyotambaa. Vikapigwa picha vikiwa vimesimama mbele ya waigizaji. Kisha, filamu ikiwa kwenye uhariri, sehemu kubwa ya kazi yao ikafunikwa na kompyuta.

Wale mabwana waliweka mtandaoni video za majaribio yao ili watu waone vilikuwaje. Mapokezi yalikuwa makubwa, hata wakachangisha kwa umma zaidi ya dola 380,000 mwaka 2013, wakatengeneza filamu yao wenyewe, Harbinger Down, iliyotoka 2015. Hakuna aliyefaidika na uamuzi ule wa kuchelewa. Wa mikono walifutiwa kazi, wa kompyuta walipewa shoti ambazo hazikupigwa kwa ajili yao, zina mwanga na kasi ya kitu kingine.

Kinyume chake ni yule mdogo wa masikio marefu wa tamthilia ya The Mandalorian, aliyeanza kuonekana 2019. Legacy Effects, karakana iliyoanzishwa na wanafunzi wa Stan Winston baada ya yeye kufariki 2008, walimtengeneza kama kikaragosi, watu kadhaa wakimwendesha kwa rimoti: mmoja macho, mwingine masikio, mwingine mdomo. Walipotaka kupiga na shoti tupu bila yeye, kama akiba iwapo kompyuta itahitajika, Werner Herzog, aliyekuwa anaigiza pale, aliwagombeza kwamba ni uoga. Dada Nodi, najua wewe utasema shoti tupu ni lazima, na kwa kazi yangu nakuunga mkono. Ila naielewa hasira ya yule mzee. Alikuwa amekaa mbele ya kitu kinachomtazama, akakiamini, halafu anaona wenye nacho hawakiamini.

NeemaUfundi, Mwanza

Kaka zangu na dada, shikamooni. Mimi ndio kwanza naanza, nafinyanga vichwa kwa udongo. Lateksi ya povu inafanywaje, na mtu asiye na oveni kubwa afanye nini? Na huyo mamba kaka utamwokoaje asinywe maji tena?

FundiKalibu, Dar es Salaam

Marahaba Neema. Lateksi ya povu hupigwa kwa mashine ya keki mpaka ivimbe kama mayai yaliyopigwa vizuri. Unatia dawa ya kuigandisha, unamimina haraka ndani ya kalibu ya plasta kabla haijakaza, halafu unaoka kwa moto mdogo kwa saa kadhaa. Ukikosea dakika moja, inaganda ukiwa umeshika bakuli. Ni nyepesi na inakunjamana kama ngozi hai, ndiyo maana waliipenda. Ubaya wake ni tundu: ni sponji, inakunywa, na ikizeeka inavunjika kama mkate mkavu. Silikoni haina shida hiyo, mwanga unaingia kidogo ndani yake kama kwenye mwili wa mtu, lakini ni nzito, na mota yako lazima iwe na nguvu ya kuibeba.

Huhitaji oveni kubwa kuanza. Finyanga kichwa kidogo kama ngumi, toa kalibu, paka lateksi ya kawaida kwa brashi, tabaka saba au nane, kila moja likauke. Halafu usikimbilie taya. Anza na jicho. Sevo moja ndogo, yaani mota inayogeuka kwa kipimo unachoiamuru, ya kugeuza kushoto na kulia, nyingine ya kope. Ukiweza kumfanya mtu aliye mbali ageuke kuona jicho linatazama nini, umeshaingia kwenye kazi.

Kuhusu mamba, swali lako nilikuwa nalo mwenyewe hadi juzi.

BabuTsavo, Voi

Mwanangu FundiKalibu, ndala hazinywi maji. Kule pwani zinaelea miezi na miezi mpaka zinatupwa ufukweni, na kuna watu wa Ocean Sole hapa Kenya wanazikusanya, wanazigandisha pamoja na kuzichonga twiga na vifaru. Povu la ndala limefungwa, kila tundu limejifunga lenyewe. Jaribu hilo mahali pa godoro.

FundiKalibu, Dar es Salaam

Babu, nimerudi na majibu, samahani nimekaa kimya wiki mbili.

Nilipata mabaki ya karatasi za ndala kutoka kwa mtu anayekata soli, magunia mawili. Nimeyagandisha kwa gundi ya viatu, nikachonga upya mwili mzima kuanzia bega. Jana tulimlaza kwenye pipa lililokatwa, usiku kucha. Asubuhi tukampima: hakuongezeka cha kuonekana. Sasa tatizo limegeuka, anaelea mno, pua inachungulia juu kama boya. Nimemfungia mifuko ya mchanga tumboni, na mota nimeifunika ndani ya chupa ya plastiki iliyozibwa kwa silikoni.

Kuna kosa lingine ambalo nisingeliona peke yangu. Mvuvi mmoja wa Ruvu, mtu mzima, alimtazama mamba wangu akasema anafungua mdomo kama mbuzi. Akanieleza: mamba akiwa amelala ukingoni, taya la chini limeegemea mchanga, halina pa kwenda, kwa hiyo kinachoinuka ni kichwa. Mimi nilikuwa nashusha taya. Nimehamisha waya mbili, sasa kichwa kinapanda shingoni na taya linabaki chini. Watu watatu waliopita uani walirudi nyuma, bila kuambiwa.

Na jicho nimelifanyia kazi, Kisoro_Kijani. Mamba ana kope ya tatu, ngozi nyembamba inayopita jichoni toka upande wa mbele kwenda nyuma. Nimeitengeneza kwa lateksi ya tabaka moja, inavutwa na uzi wa kuvulia samaki na sevo ndogo kuliko zote nilizonazo. Inapita, inarudi. Mdogo wangu anaiendesha, nimemwambia asiifanye mara kwa mara, asubiri mtoto aanze kuinama na ndoo.

Mwongozaji amekubali turudie siku moja, na tumeandika shoti kwa shoti: zipi ni za mamba, zipi ni za dada Nodi. Akizama na kumkokota, hiyo ni ya kompyuta, siwezi na sitadanganya kwamba naweza. Akitoka kwenye matete, akikaa kimya, akipitisha ile kope, na mkono wa mtoto ukigonga pua kwa bahati mbaya, hizo ni zetu.

Tunarudi Ruvu Jumamosi. Mpira wa kijivu na ule wa kioo vimefika leo alfajiri kwa basi la Nairobi, vimefungwa kwenye kanga. Dada, kanga nayo nitairudisha.